Nani Kachinja?

Siku ya Krismasi, watu walipotoka kanisani Mikumi, wengi hawakunyoosha kwao. Walipitia kwa Yusta. Hakuna aliyealikwa, ila ua wa Yusta, pale nyuma ya barabara kuu ya Iringa, ndio ulikuwa redio ya mtaa: nani kaachwa, nani kajengewa, dereva gani wa lori kasahau soksi chumba cha nani. Na kesho yake, kama kila mwaka, Yusta angepeleka vitafunwa Kilosa kwa wakwe wa dada yake, kwa hiyo kazi ilikuwepo kwa kila mwenye mikono na kila mwenye mdomo.

Wanawake walikaa kwenye mikeka chini ya turubai. Huyu anaponda viazi vya kachori, yule anachambua giligilani, wawili wako jikoni wanababua manda za sambusa juu ya chuma cha chapati na kuzibandua kabla hazijakauka. Kitu kimoja tu hakikuwepo, na kila mtu alikuwa anakwepa kukitaja.

"Yusta," akasema Salome, jirani wa ukuta kwa ukuta, "hivi hiyo nyama mumeo kaenda kuinunua au kaenda kuizaa?"

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga unga.

"Buchani kwa Ashrafu kuna foleni," Yusta alisema. "Leo sikukuu."

"Foleni ya tangu alfajiri? Labda anachinjiwa tembo."

Yusta hakucheka. Nyama ya sambusa zile haikununuliwa popote tu. Dada yake Verdiana aliolewa Kilosa na Kondo, mtoto wa Mzee Mwinshehe, watu wa swala tano, na wao akina Yusta ni watoto wa Vidunda, Waanglikana wa mlimani. Siku ya harusi mama yake Kondo alisema, tena kwa sauti ya kusikiwa na wapishi, kwamba watu wa mlimani watakuja kumlisha vibudu, wanyama waliokufa bila kisu. Verdiana alilia kwenye gauni lake jeupe. Mzee Mwinshehe hakugombana na mkewe. Alitoa agizo tu: kila siku ya pili ya Krismasi nyumba mbili zikutane kwake, na upande wa bibi harusi ulete vitafunwa. Na kabla mtu yeyote hajala, yeye mwenyewe huchukua sambusa moja, akaimega, nusu akampa mpishi, kisha akamuuliza mbele ya wote: "Nani kachinja?"

"Ashrafu wa Mikumi, baba," Yusta hujibu.

"Bismillahi," husema mzee, na mikono yote huingia kwenye sinia.

Mwaka wa kwanza lilikuwa swali kweli. Miaka ilivyokwenda likageuka kuwa mchezo. Watoto wanaitikia kabla yake, wanapiga na makofi. Mtu mmoja tu hakuwahi kucheka. Mama Kondo hukaa na mikono yake mapajani mpaka jibu lisikike lote, ndipo anaosha vidole.

Rafaeli, mume wa Yusta, aliingia na bodaboda jua limeshapita utosini, ndoo nyeupe yenye mfuniko ikiwa mapajani. Alikuwa na macho mekundu na uchangamfu mwingi.

"Haya akina mama, heri ya Krismasi! Mzigo huo!"

"Tulishaanza kukusomea misa," Salome alimjibu.

Yusta alifunua ndoo. Nyama ilikuwa imeshatolewa mifupa, mapande makubwa, rangi yake imekoza kuelekea weusi. Alibonyeza kwa kidole. Alitafuta mafuta akaona uzi mwembamba wa manjano tu.

"Hii nayo ya ng'ombe gani? Mbona kavu hivi?"

"Ng'ombe wa kiangazi huyo. Ashrafu kasema usage mara mbili."

Bibi Teresia, mama yake Yusta, alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi. Meno yalikuwa yamebaki machache, lakini macho yalikuwa mazima. "Baba," alimwita mkwe wake kwa upole, "na mfupa wangu uko wapi?"

Maana Ashrafu, kila Krismasi, hutupia juu ya nyama mfupa mmoja wa goti wa kuchemshia supu. Hauzwi. Huo ni wa bibi.

"Amesahau, mama. Watu walikuwa wengi mno."

"Ashrafu hajawahi kunisahau," bibi alisema, akarudisha kikombe mdomoni.

Wakasaga. Mashine iliyofungwa pembeni mwa meza ilikwama, ikafunguliwa, nyuzi ndefu zikachomolewa kwenye kisu chake, ikafungwa tena. Nyama ilipoingia sufuriani ilitoa povu la kijivu na harufu ambayo haikuwa mbaya, bali ngeni, kama ya majani mabichi yaliyolowa. Yusta akaongeza kitunguu. Akaongeza pilipili manga, akakamua ndimu, akaonja, akaongeza kitunguu tena.

Sambusa za kwanza zilikuwa zimeshafungwa na kubandikwa kwa uji wa ngano pale Salome alipokumbuka kwamba hakuwa ametoa habari yake ya asubuhi.

"Enhee, mmesikia ya jana? Lori limegonga nyati kule ndani ya hifadhi. Dume zima! Dereva kasimama, kaangalia taa yake, kaondoka. Askari wa wanyamapori wanafika, wamekuta kichwa na kwato. Nyama yote imetembea!"

"Imetembea kuelekea wapi?" akauliza mmoja.

"Huku huku kwetu, wapi pengine? Wawili wameshakamatwa pale nyuma ya maegesho ya malori, na mabeseni yao. Sasa hivi wanapita nyumba kwa nyumba wanafunua masufuria. Si mnajua mambo ya nyama ya serikali, hata kama imejifia barabarani. Yule jamaa wa gereji mpaka leo yuko ndani kwa sababu ya..."

Salome alinyamaza. Macho yake yalikuwa yameangukia ndoo nyeupe, yakapanda kwenye sufuria, kisha yakaenda mbali kabisa, juu ya paa la jirani. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia Salome akiacha habari katikati.

Mikono iliendelea kukunja manda, lakini taratibu. Mmoja akakumbuka ameacha maharage motoni. Mwingine mtoto wake anaumwa. Kila mwaka huwa wanagombania sambusa zilizopasuka, za kupelekea watoto nyumbani. Safari hii Yusta alizipanga kwenye sahani, akaizungusha mkeka mzima, na sahani ikarudi kama ilivyokwenda.

"Nimeshiba, shoga," alisema Salome, akijifunga khanga. "Mchana nimekula wali mwingi."

Jua lilipokuwa linazama ua ulibaki na watu wa nyumba tu. Kila siku Yusta humwita mumewe Baba Godfrey, kwa jina la mtoto wao aliyeko chuoni. Jioni ile alimwita kwa jina lake.

"Rafaeli. Hii nyama umeitoa wapi?"

"Nimeshakwambia."

"Nimempigia Ashrafu. Kafunga bucha saa nne, yuko kwao Dumila. Anasema hajakuona tangu juzi."

Rafaeli alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Uchangamfu wote ulimtoka, akawa kama koti lililoachwa kwenye msumari. Kumbe alfajiri alipotoka alipita kwenye yale maegesho ya malori kuwapa wenzake heri ya sikukuu. Wakamkalisha, wakamnywesha. Alipofika kwa Ashrafu alikuta kufuli.

"Ningerudi mikono mitupu mbele ya wanawake wote wale? Mbele ya Salome? Mpaka Pasaka ningekuwa wimbo. Jamaa mmoja akaniambia ana nyama, akanipunguzia na bei. Sikumuuliza ya nini."

"Hukuuliza."

"Imeshasagwa, Yusta. Ina kitunguu, ina pilipili. Hata nyati mwenzie akija hapa hawezi kuitambua."

"Mimi nimeitambua," akasema Bibi Teresia kutoka kwenye kigoda. "Povu lake tu. Baba yangu aliileta sana kule Vidunda nikiwa msichana. Hii ni mbogo."

Barabarani lori lilishusha gia, taa zake zikapita juu ya mabeseni matatu ya sambusa zilizokaangwa, moja baada ya jingine.

"Nazimwaga chooni," Yusta alisema, akainuka.

"Keti," mama yake akamwambia. "Zimwage, halafu? Wanawake wote wameziona. Kesho zisipoonekana Kilosa, keshokutwa kila mtu atajua kwa nini. Na dada yako yuko kwa watu. Unamkumbuka mwenzio?"

Simu ikaita. Kama vile ameitwa, alikuwa Verdiana, sauti imejaa kelele za vijiko na watoto.

"Mdogo wangu, usipunguze sambusa, nakuomba! Wajomba zake Kondo wanakuja wote. Halafu nikwambie kitu? Mama mkwe leo kaniita. Kasema mpishi wa mjini wanayemtaka wajomba yeye hamtaki, anamtaka mdogo wangu. Kasema, mikono ya Yusta ina usafi. Yusta, yule mama! Nimeingia chumbani nimelia. Upo? Mbona kimya?"

"Nipo, dada. Nimechoka tu, nimekaa motoni siku nzima."

"Pole mama. Mungu akupe nguvu."

Yusta aliiweka simu chini kama kitu cha moto. Angemwambia kesho, alijiambia, wakiwa wawili jikoni, kabla ya sinia kutoka. Watatoa kachori peke yake, watasema sambusa zimechacha. Alilipanga hilo vizuri kichwani mwake, akalirudia mpaka likafanana na jambo linalowezekana.

"Mimi kesho siendi," alisema Bibi Teresia. "Semeni kichwa kinaniuma. Mwinshehe ni mkwe wangu, tunasalimiana kwa heshima. Siwezi kumtazama usoni akiuliza lile swali." Kisha akaikokota ndoo kwa mguu, ndani yake kukiwa na mapande yaliyosalia, akaisogeza nyuma ya kigoda chake. "Na hii niachieni mimi. Nitajua cha kuifanya."

Asubuhi walikodi Noah ya kijana mmoja wa stendi. Mabeseni yalifungwa kwa khanga na kupangwa kiti cha nyuma. Njia ya kwenda Kilosa, kabla nyumba za Mikumi hazijaisha, ilikuwa imewekewa gogo, na pembeni limesimama gari la kijani la wanyamapori.

Rafaeli alianza kutokwa jasho kwenye mdomo wa juu.

Askari alikuwa kijana mdogo, viatu vimepigwa rangi vizuri. Alimsalimia Yusta shikamoo, kama alivyofunzwa kwao, kisha akaomba kuona mizigo. Yusta alifungua khanga ya beseni la kwanza. Kachori. La pili. Harufu ya sambusa ikajaa garini.

"Duh, mama. Sherehe ya nani hii?"

"Wakwe," Yusta alisema.

Hapo ndipo Rafaeli, ambaye angeweza kukaa kimya na mambo yakaisha, alipojiona lazima aseme kitu. "Chukua, afande! Chukua mbili, sikukuu hii!" Na mwenyewe akachota, akamwekea mkononi.

Kijana aling'ata. Akatafuna polepole, akitazama mlimani. Yusta alitazama taya lake likipanda na kushuka. Hakuwahi maishani kuona mtu akitafuna muda mrefu namna ile.

"Tamu," alisema hatimaye, akajifuta mdomo. "Mama unajua. Pilipili manga umeimwaga kweli kweli. Nendeni salama."

Gogo likanyanyuliwa. Dereva akawasha muziki. Walipofika Ulaya, kile kijiji cha katikati ya njia, Rafaeli aligeuka nyuma akicheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Umeona? Kala mwenyewe! Kama askari hakujua, nani mwingine atajua?"

Yusta alifungua kioo, akatapika nje, akajifuta kwa upindo wa khanga. Dereva akapunguza muziki bila kuambiwa.

Nyumba ya Mzee Mwinshehe iko upande wa pili wa reli, na siku hiyo viatu vya wageni vilikuwa vimeanzia barazani mpaka kwenye mpapai. Kondo alimpokea shemeji yake beseni, wajomba wakasimama kusalimiana, watoto wakakimbia kupiga kelele "Sambusa! Sambusa!" Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye busati, kanzu nyeupe, amekonda kuliko mwaka jana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?"

"Kichwa kinamsumbua, baba. Amewasalimia."

"Mwambie nimeona pengo lake," alisema mzee.

Jikoni kulikuwa na wanawake wengi kuliko masufuria. Yusta alimshika Verdiana mkono. "Dada, njoo nje kidogo. Nina neno."

"Baadaye mama, pilau itaungua. Hebu angalia hili sinia, lipangwe kwa duara au kwa mistari?"

"Dada, sasa hivi."

"Yusta jamani, wajomba wana njaa!" Verdiana alicheka, akamkumbatia na mikono yake ya vitunguu. Alikuwa amependeza, amesuka, amevaa dera jipya, anatembea ndani ya jiko lile kama mwenye jiko. Yusta hakuwahi kumwona akitembea hivyo.

Mama Kondo aliingia. Wanawake wakampisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, akafunua khanga, akavuta harufu akiwa amefumba macho.

"Shikamoo mama," Yusta alisema haraka. "Mama, hizo bado—"

"Marahaba. Bado nini? Mimi leo sisubiri mambo yenu ya sinia, njaa inaniuma." Akachukua sambusa, akaing'ata, akatafuna, akachukua ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Akamgeukia Verdiana, na kwa kidole chenye mafuta akamgusa shavu. "Mkwe wangu, nduguyo huyu anapika. Nilisema maneno zamani. Mtu anasema, anazeeka, anaona haya."

Verdiana aliweka mwiko chini, akaangalia kando ili asilie. Mmoja wa wifi zake alipiga kigelegele kifupi, wengine wakakipokea.

Mpango wote wa Yusta wa kusema sambusa zimechacha ulikuwa umeshamezwa.

Sinia lilibebwa na Verdiana mwenyewe. Wanaume walijivuta nyuma, watoto wakasogezwa mbele, wanawake wakajaa mlangoni, na Mama Kondo akaletewa kiti. Rafaeli alikaa karibu na ukuta, akimkazia mkewe macho: sema lile lile, sema kama kila mwaka.

Mzee Mwinshehe alinawa. Alichagua sambusa ya katikati, akaishika kwa vidole viwili, akaimega. Nusu moja akamnyooshea Yusta, na Yusta akaipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nyama ndani ilikuwa nyeusi. Mwenye kuijua angeiona.

Mzee alitabasamu, akawatazama watoto, akawapa ishara wasimtangulie.

"Haya mpishi. Nani kachinja?"

"Ashrafu wa Mikumi!" watoto walipiga kelele, wakashindwa kuvumilia, na makofi juu. Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, akapeleka mkono mdomoni. "Bismi—"

"Baba, usile."

Mkono ulisimama karibu kabisa na ndevu.

"Hajachinja Ashrafu," Yusta alisema. "Hajachinja mtu yeyote. Ni nyati. Amegongwa na gari barabarani. Nilijua tangu jana."

Mtoto mmoja aliuliza "Nyati ndiyo nani?" na kuzibwa mdomo. Rafaeli aliinuka, akapita katikati ya viatu akitafuta vyake, asivione, akatoka peku.

Mzee Mwinshehe alirudisha nusu ya sambusa kwenye sinia, akaipanga pale pale ilipotoka kana kwamba angeweza kuiunga. "Umesema," alimwambia Yusta kwa sauti ndogo. "Kwa hilo, ahsante." Kisha akaita, bila kumtazama mtu: "Funikeni."

Hakuna aliyefunika. Wote walikuwa wamegeukia kiti cha Mama Kondo.

Hakupiga kelele. Hata Verdiana, aliyekwisha kujikunja kama mtu anayesubiri kofi, alibaki akisubiri. Mama Kondo alikuwa anatazama vidole vyake, vilivyokuwa bado vinang'aa mafuta, akivigeuza huku na huku.

"Miaka yote hii nasubiri jibu," alisema. "Mwaka huu ndio sikusubiri."

Aliinuka. Wanawake wa mlangoni walimpisha tena, upana zaidi kuliko mara ya kwanza, akapita kwenda uani. Verdiana alimkimbilia na birika la maji.

Kwenye pindo la khanga ya Yusta simu ilianza kutetemeka. Aliitoa. Ilikuwa Salome, anayeita mfululizo, ikikata anaita tena, na juu ya kioo ulikuwa umeshaingia ujumbe wake mmoja: *Askari wamefika kwako. Mama yako kakaa juu ya ile ndoo hataki kuinuka.*

Yusta aliishika simu mkono mmoja, na mkono mwingine bado umeshika nusu yake ya sambusa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aiweke wapi. Kutoka uani walimsikia Mama Kondo akisukutua, akitema, akisukutua tena. Na Verdiana alikuwa anammiminia maji, anammiminia, birika limeshaanza kuwa jepesi, akiogopa kuacha.